Sare za Watu wa Magodoro

Ukumbi wa shule ulipolipuka kwa makofi siku ile, mtu mmoja tu ndiye aliyebaki na mikono mapajani. Alikuwa amekaa safu ya mwisho karibu na mlango, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, maana alikuwa ameacha sketi nusu kwenye cherehani na kuvuka barabara mbiombio ili asikose mkutano. Mtaa mzima ulimwita Mama Futi. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akishona sare za shule ile ya masista, katika chumba kimoja kinachotazamana na geti, na hakuna msichana aliyesoma pale ambaye hakuwahi kupimwa kiuno na yeye.

Aliyekuwa akipigiwa makofi ni mwanamume wa makamo, mwenye viatu vinavyong'aa na sauti ya upole. Alikuwa mtoto wa kwanza wa familia yenye kiwanda cha magodoro upande wa pili wa mji. Hakusema mengi. Familia yao imeamua kuisaidia shule. Wataezeka upya paa la bweni, lile linalovuja. Wataleta vyerehani kumi. Na kuanzia mwaka mpya wa masomo kila msichana, awe wa mwenye nacho au wa asiye nacho, atapewa sare mbili bila mzazi kutoa chochote.

"Tuna ombi moja tu," alimalizia. "Jina letu lisiandikwe popote. Wala msituwekee kibao ukutani. Mtuombee, inatosha."

Paroko alisimama wima kupiga makofi. Sista Mkuu, aliyekuwa akiiongoza shule ile, alivua miwani akaifuta kwa pindo la shela lake. Akina mama waliokaa mbele walipiga vigelegele. Mama Futi machale yakamcheza.

Alirudi chumbani kwake akamkuta wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akipiga pasi. Walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu mume huyo azikwe. Wifi alipiga pasi na kushona vifungo, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono yote minne mle ndani.

"Wamesemaje?"

"Watu wa magodoro wanatoa sare bure."

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

Wifi aliisimamisha pasi. "Basi sisi tumekwisha."

"Sisi tuache kwanza. Jiulize, kwa nini hawataki jina lao liandikwe?"

"Labda ni wanyenyekevu."

"Wifi, mtu akitoa benchi moja tu kanisani, anaandika jina lake mbele, nyuma, na kwenye miguu yote minne. Hawa wanavalisha wasichana mia tatu na arobaini halafu hawataki kujulikana. Kuna namna hapo."

"Labda wana dhambi kubwa."

"Ndilo ninalolisema."

Ukweli ni kwamba Mama Futi hakuwa mtu wa kuamini upesi. Mteja akimsalimia mara mbili kwa siku moja, alimuuliza anataka nini. Akiletewa kitambaa, alikipima mbele ya mwenyewe na kumwambia, "Umeona? Mita mbili na nusu. Tusije tukageukana." Lakini mkono wake haukuwa wa birika. Kila mwaka alishona sketi kadhaa kwa vipande vilivyobaki, akaviunganisha kwa ustadi hata macho ya sista yasione, akawapa wasichana ambao wazazi wao walikuwa wakipita ng'ambo ya barabara kwa aibu. Hakumwambia mtu. Kwa hiyo mtu anayetoa bila kujitangaza hakupaswa kumshangaza. Lakini vipande ni vipande, alijiambia, na paa la bweni ni paa la bweni.

Wiki zilizofuata aliliona gari. Lilikuwa jeupe, vioo vyake vyeusi kama miwani ya kipofu. Lilisimama nje ya geti, yule mwanamume akashuka na kuingia shuleni na mafundi wa paa, lakini kwenye kiti cha nyuma alibaki mtu. Mama Futi alijua kwa sababu kioo kilishushwa kiasi cha upana wa kiganja, na hakikuelekea shuleni. Kilielekea kwake.

"Tusimame tukatazame?" wifi aliuliza.

"Usigeuke! Endelea na kifungo."

"Nitaendeleaje wakati umenitia hofu? Nimekishona kwenye kidole."

Gari lilikuja tena, na tena. Mara ya tatu Mama Futi aliinuka, akashika ufagio na kujifanya anafagia kizingiti, akasogea hatua kwa hatua mpaka ukingoni mwa barabara. Kioo kikapanda. Aliporudi ndani alikuwa na hakika ya jambo moja: mtu anayetoa kwa moyo mweupe hajifichi nyuma ya kioo cheusi.

Alikwenda kwa Sista Mkuu. Ofisi ilikuwa ndogo, ina kabati la mafaili, msalaba wa mbao na kiti cha mgeni kilicholegea mguu mmoja.

"Sista, hawa watu mmewauliza wanataka nini?"

"Tumewauliza. Wanataka wasichana wavae vizuri."

"Hilo ni jibu?"

Sista Mkuu alitabasamu. "Mama Futi, najua mkate wako umeguswa. Sijakusahau. Kuna jambo tunalizungumza juu yako, nipe muda."

Badala ya kumtuliza, maneno hayo yalimwasha. Wanazungumza jambo juu yake? Nani na nani? Tangu lini?

Sare zikaja. Zililetwa kwa lori dogo, zimefungwa mafungu mafungu, na Jumatatu ya kwanza wasichana walimiminika getini wakiwa wa buluu kama anga lililofagiliwa. Mama Futi alisimama mlangoni akitafuta kasoro. Alitafuta kola zilizopinda, marinda yasiyolingana, nyuzi zinazoning'inia. Hakuona hata moja, na hilo nalo likamkera.

Siku ya tatu msichana wa kidato cha pili alivuka barabara. Alikuwa mfupi kuliko sketi yake.

"Mama, unaweza kunipunguzia?"

"Wenye kukupa hawakukupima?"

"Walitupima, mama. Mimi ndiye niliyesimama juu ya vidole."

Wifi alicheka mpaka akakaa. Mama Futi aliichukua sketi, akamwambia msichana aifuate kesho. Alipobaki nayo hakushika mkasi kwanza. Aliigeuza ndani nje, akaipeleka dirishani penye mwanga, akaanza kuisoma kama mtu anavyosoma barua isiyo yake.

Pindo lilikuwa pana, vidole vinne vizima, limekunjwa mara mbili ili nguo ishushwe msichana anaporefuka. Viwanda havifanyi hivyo. Kiwanda kinabana kitambaa mpaka pumzi ya mwisho. Aliyekata sketi hii alikuwa anamfikiria mtoto wa mwaka kesho. Kisha akafika kwenye mfuko, akasimama hapo.

Kwenye pembe za mfuko, pale panapochanika upesi, palikuwa na pembetatu ndogo ya uzi iliyokazwa kwa mishono mitatu ya kurudi. Mama Futi aliijua pembetatu ile. Yeye mwenyewe aliiweka kwenye kila mfuko alioushona maishani. Alifundishwa ndani ya shule ileile, alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, na sista mmoja mzee wa ushonaji ambaye sasa alikuwa amelala makaburini nyuma ya kikanisa. Mafundi wengine wa mji hawakuijua. Lakini ya Mama Futi ilisimama wima. Hii iliegemea kushoto.

Akakaa juu ya kigoda. Wifi akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni jua.

Katika darasa lile la ushonaji kulikuwa na msichana mmoja tu aliyeshona kwa mkono wa kushoto. Wenzake walimwita Mashoto. Alikuwa msichana mkimya, mrefu, kutoka nyumba ambayo chakula cha jioni kilikuwa bahati. Pembetatu zake zote ziliegemea, na sista mzee kila siku alimwambia, "Zinaegemea. Zikaze."

Jumatatu moja kabati la ushonaji lilifunguliwa, na jora zima la kitambaa cha buluu halikuwemo. Mkuu wa shule wa siku hizo aliwakusanya wote akawaambia hakuna atakayekwenda likizo mpaka mwizi ajulikane. Likizo ilikuwa siku nne mbele. Na dada mkubwa wa Mama Futi alikuwa anaolewa wiki hiyohiyo, na nguo yake ya harusi alikuwa ameishona Mama Futi mwenyewe, nguo ya kwanza ya maana maishani mwake. Alitaka kuiona ikitembea.

Alifikiri. Mashoto hakuonekana kwenye Misa ya Jumapili, alisema tumbo linamuuma. Mashoto alikuwa ameuliza wiki iliyopita ufunguo wa kabati hukaa wapi. Moyo wa Mama Futi ukamwambia ni yeye. Basi akaenda ofisini akasema, "Nilimwona. Nilimwona Mashoto anatoka chumba cha ushonaji na mzigo."

Hakuwa amemwona. Wakati wa Misa alikuwa kwaya, safu ya pili, akiimba kwa sauti ya kwanza.

Mashoto alipoitwa hakujitetea. Jumanne hakuwepo. Ijumaa wengine wakaenda likizo, na nguo ya harusi ikatembea, na kila mtu akaisifu. Miaka arobaini na mitano tangu hapo Mama Futi alikuwa ameungama hasira, wivu, uvivu na umbeya. Hilo hakuliungama kamwe. Alijiambia kwamba mtu asiyejitetea amekiri. Lakini hakujua. Hakupata kujua kama alisema kweli au alimsingizia mwenzake.

Sasa akajua kitu kimoja. Mtu wa kiti cha nyuma ni Mashoto, ndiye mama wa watu wa magodoro, na amerudi.

Kuanzia siku ile kila kitu kilijipanga kichwani mwake kama vipande vya nguo vilivyokatwa kwa chaki moja. Sare za bure, ili riziki ya Mama Futi ikauke. Vyerehani kumi, ili wasichana wafundishwe na kumnyang'anya hata wateja wa mtaani. Jina kufichwa, ili asitambue mkono unaomkaba. Jumapili paroko alihubiri juu ya ushahidi wa uongo, na Mama Futi akatazama huku na huku kanisani kuona ni nani aliyemtuma.

Alirudi kwa Sista Mkuu. Safari hii hakukaa.

"Mama yao ni nani, Sista?"

"Ni mtu wa umri wako. Hapendi kuonekana."

"Alisoma hapa?"

Sista Mkuu alimtazama juu ya miwani. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Basi muulize mwenyewe. Amekuwa akiniuliza habari zako mwezi mzima."

Mama Futi alikumbuka kile kiti kibovu, akakikalia hivyohivyo.

Siku mbili baadaye gari jeupe lilisimama, na mtoto wa kwanza wa familia akavuka barabara kwa viatu vyake vinavyong'aa. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Mama, nimetumwa. Mama yangu anaomba uje kiwandani Jumamosi asubuhi. Nitakufuata mwenyewe."

"Kuna nini?"

"Hakuniambia. Aliniambia nikuombe kwa heshima."

Alipoondoka, Mama Futi alisema haendi. Alisema anaumwa, ana kazi nyingi, na Jumamosi ni siku mbaya. Wifi hakujua habari ya jora wala ya Mashoto, lakini alikuwa na masikio.

"Nenda," alisema. "Kama wanataka kukumaliza, wameshakumaliza. Kilichobaki ni chai tu. Kainywe."

Kiwanda kilinuka gundi na sponji mpya. Vumbi jeupe jepesi lilielea hewani na kutua kwenye nyusi za wanaume waliofunga vitambaa puani. Upande mmoja wanawake wapatao ishirini walikuwa kwenye vyerehani wakishona maganda ya magodoro. Upande wa pili kulikuwa na meza ndefu ya kukatia. Mwishoni mwa meza, karibu na dirisha, alikaa mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, miwani imefungwa kamba. Alikuwa akikata kitambaa, na mkasi ulikuwa mkono wa kushoto.

"Karibu, mwenzangu," alisema bila kuinuka. "Miguu hainisikilizi. Vuta kigoda."

Mama Futi alivuta. Maneno aliyoyaandaa njiani aliyaacha, akautazama ule mkasi.

"Umenijua?"

"Nimekujua kwa mifuko," Mama Futi alisema.

Mashoto aliweka mkasi chini na kucheka kidogo. "Bado zinaegemea, eh? Nimewafundisha wasichana ishirini hapa, na wote wanaegemea kama mimi. Nimeharibu mji mzima."

Chai ililetwa. Mama Futi aliitazama kikombeni kabla ya kuigusa.

"Najua umekaa unajiuliza maswali," Mashoto aliendelea. "Mimi ningejiuliza. Basi nikuambie jambo ambalo hata wanangu nimewaambia mwaka huu tu. Jora lile niliiba mimi."

Mama Futi alisogeza kigoda karibu.

"Niliiba. Mama alikuwa amefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, na palikuwa na mzee mmoja sokoni aliyejaza magodoro, anatafuta wa kumshonea maganda. Lakini alitaka mtu mwenye kitambaa chake. Jumapili wakati wa Misa nikavuta jora, nikalirusha juu ya ukuta, kaka yangu akaliokota. Waliponifukuza sikulia. Nilijua nimefanya nini. Wiki ya pili yule sista wa ushonaji akaja kwetu. Alitembea kwa miguu, na vile alivyokuwa na uzito! Akakuta kitambaa cha shule kimetandazwa mezani, nusu kimekatwa. Nikajua leo ni polisi. Akachukua ganda moja, akaligeuza, akatazama pembe. Akasema, 'Zinaegemea. Zikaze.' Akanywa maji akaenda zake. Hakurudi tena, wala hakumwambia mtu."

Akatazama nje dirishani.

"Hiki kiwanda kilianza na kitambaa kile. Nimesubiri niwe na kitu cha kurudisha, na nilipokipata, alikuwa ameshakufa. Basi nimewarudishia wasichana wake. Jina langu niliandikeje ukutani? Niandike 'Imetolewa na mwizi'?"

Mama Futi alijikuta ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Kumbe hapakuwa na mtego. Alipaswa kufarijika, na zaidi ya hapo, kumbe alisema kweli! Siku zote zile alikuwa amesema kweli. Lakini Mashoto alikuwa hajamaliza.

"Kitu kimoja tu kimenisumbua miaka yote," alisema. "Niliambiwa kuna msichana aliniona. Mimi nilitazama kila dirisha kabla ya kutoka, nyote mlikuwa kanisani. Nikawa najiuliza, ni nani yule, na alijificha wapi? Nilizoea kuhisi kuna macho mgongoni. Mpaka leo nikipanda gari napandisha vioo."

Hapo Mama Futi angeweza kunyamaza. Chai ilikuwa tamu, mwenzake alikuwa mpole, na hakuna mtu duniani aliyejua. Akaweka kikombe chini.

"Ni mimi," alisema. "Na sikukuona."

"Unasema?"

"Mimi ndiye niliyekwenda ofisini. Nilikuwa kwaya. Sikuona chochote. Nilikushuku tu, na dada yangu alikuwa anaolewa, nikataka twende likizo. Nikasema nimekuona."

Vyerehani ishirini viliendelea kunguruma. Mashoto alivua miwani polepole, ikabaki ikining'inia kifuani.

"Kwa hiyo ulibahatisha."

"Nilibahatisha."

"Na kama nisingekuwa nimeiba? Kama tumbo lingekuwa linaniuma kweli?"

"Ungefukuzwa bure. Na mimi ningekwenda harusini vilevile."

Hakuna aliyelia. Mashoto alishika ukingo wa meza, akainuka kwa shida, akachukua fimbo yake na kutembea mpaka mwisho wa ukumbi, akaingia mlango mmoja na kuufunga. Mama Futi alibaki na wakataji wawili waliojifanya hawakusikia. Alikaa pale mpaka chai ikaota utando. Hatimaye mtoto wa kwanza alikuja akasema atamrudisha nyumbani.

Jioni hiyo alimweleza wifi kila kitu, tangu jora mpaka mlango uliofungwa. Wifi alivuta kapu la nguo zilizopigwa pasi. Alikunja nguo tatu, akazikunjua, akazikunja tena.

"Ungenyamaza," alisema mwishowe.

"Najua."

"Lakini ningekuwa wewe, kila akinichekea ningedhani amegundua."

"Ndiyo hivyo."

Siku kumi na sita zilipita bila gari. Mama Futi alishona mapazia ya watu, akaziba viraka, akashusha bei ya kubana suruali. Alimwendea Sista Mkuu akamwambia naye, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Sista alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyewe umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Bado anasema, Sista."

Sista Mkuu aligusa msalaba wake kidogo, kisha akamwambia lile jambo alilokuwa ameliweka. Vyerehani kumi vilihitaji mwalimu. Tangu mwanzo Mashoto ndiye aliyetaka awe Mama Futi. Alikuwa akija na gari kumtazama anavyofanya kazi, kama bado anafumua mshono mbaya au amekuwa mtu wa kulipua. Aliridhika. "Sasa sijui," Sista alisema. "Vyerehani ni vya familia yao. Siwezi kumlazimisha."

Mwanamume wa viatu vinavyong'aa alirudi siku ya kumi na saba. Hakukaa. Alitoa karatasi mfukoni akaisoma, kwa sababu mama yake alimwagiza asibadili hata neno.

"Mwambie afundishe. Anashona vizuri kuliko mimi. Simfanyii hisani, wasichana wanahitaji fundi. Lakini mwambie nimekasirika, na sijui nitakasirika mpaka lini. Na kitambaa kikipungua kabatini, aje aniambie mimi kwanza, na awe ameona kwa macho yake."

Akaikunja karatasi. Aliinamisha macho kwa aibu. "Mama, nisamehe. Amesema nisome yote."

"Mwambie nimesikia," Mama Futi alisema. "Mwambie ana haki."

Wifi aliachiwa chumba cha barabarani pamoja na mapazia na viraka, akawa bosi, na akaanza mara moja kulalamika juu ya wateja. Mama Futi alianza na wasichana kumi na mmoja, saa nane mchana, katika chumba kilekile cha ushonaji ambacho sasa kilipakwa rangi. Wiki za kwanza hakuwa na raha. Kila mlango ulipolia aligeuka. Kila fungu la kitambaa lilipoletwa kutoka kiwandani alilipima mara mbili, safari hii kwa kuwa alijua upande wa pili kuna mtu anayempima yeye. Alijifunza jinsi inavyokuwa kutazamwa na mtu anayekungoja ukosee, na hakuona kwamba anaonewa.

Muhula ulipofika katikati Mashoto alikuja. Alishuka garini kwa fimbo yake, akakataa kushikwa mkono na mwanawe, akaingia darasani bila salamu ndefu. Wasichana walisimama. Alipita meza kwa meza akigeuza nguo ndani nje. Mama Futi alimfuata nyuma hatua mbili. Kwenye meza ya tano Mashoto alisimama, akainua blauzi.

"Nani amewafundisha kukata tundu la kifungo kabla ya kulizungushia uzi?"

"Mimi."

"Linachanika."

"Halichaniki kama uzi umepakwa nta."

"Nta! Mvua ikinyesha?"

"Nimevaa blauzi yangu hii miaka tisa. Itazame."

Mashoto alisogea, akavaa miwani, akaitazama blauzi karibu kabisa, pua yake nusura iguse kifungo. Akasema bado haamini, apewe uzi na nta afanye mwenyewe. Akavutiwa kigoda. Walibishana juu ya tundu lile, mmoja akifumua alichoshona mwenzake, na kengele ya chakula cha jioni ilipogongwa wasichana walitazamana, wakatoka kwa kunyata mmoja mmoja, wakawaacha.